Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya ada

Katika ukurasa huu tumezoea kutoa nasaha. Juma hili tunaanza kwa kukiri kosa, kwani nasaha yetu ya zamani imerudi mlangoni na kutudai hesabu.

Mwaka 2015, jirani yetu mmoja alitujia baada ya swala ya Isha akiwa na shauri zito. Mwanawe wa kwanza alikuwa amefaulu kidato cha sita na kupata nafasi chuoni kusomea mambo ya benki na fedha. Mkopo wa serikali hakuupata, na ada haikuwepo nyumbani. Kitu kimoja tu kiliweza kuuzwa: kiwanja cha Chanika, ambacho mzee huyo alikinunua kwa kudunduliza miaka mingi, akitaraji kujenga siku moja. Tulimsikiliza, kisha tukamwambia bila kusita: "Uza, ndugu yetu. Kiwanja kitapatikana tena. Elimu ya mtoto ndiyo urithi wenyewe." Akauza.

Kijana alisoma kwa bidii na kuhitimu vizuri. Akapeleka maombi kila benki aliyoijua, akaitwa kwenye usaili mara mbili, asipate. Miaka ikapita. Amepata vibarua vya hapa na pale, lakini kazi aliyosomea hajaipata. Baba yake ametueleza kwamba kijana hali tena chakula cha usiku pamoja na wenziwe. Hungoja sinia liondolewe, ndipo aingie jikoni peke yake. Mzee hajamtolea mwanawe neno hata moja la ukali, ila kila basi linapopita njia ya Chanika, yeye hugeuza uso upande wa pili.

Sasa ni zamu ya binti yake. Amemaliza kidato cha nne kwa ufaulu wa wastani, naye anataka kujifunza ufundi wa majokofu na viyoyozi. Shangazi zake wanasema hiyo si kazi ya mtoto wa kike. Mama yake ananyamaza. Baba amekuja tena kwetu, akakaa kwenye kiti kile kile, akauliza: "Safari hii mnaniambiaje?"

Safari hii hatukujibu siku ile ile. Tulimwomba atupe muda, tukaenda kujiuliza kwanza tulikosea wapi.

Kosa halikuwa kumsomesha mtoto. Elimu haijawahi kuwa hasara, na kijana yule hakufanya kosa lolote. Kosa letu ni kwamba tuliitazama nyumba ya kazi badala ya kuitazama kazi yenyewe. Katika macho ya rika letu, mtu wa benki alikuwa mtu mwenye tai shingoni, feni juu ya kichwa na pensheni mbele yake. Picha hiyo tuliichukua utotoni, tukaendelea kuitumia kama ramani hali njia zimekwisha kubadilika.

Na haikuwa kwamba hatukuyaona mabadiliko. Benki zilitaifishwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi ajira yake ikaonekana imara kama mbuyu. Sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iliyokuwa moja ikagawanywa. Katika miaka hiyo ya mageuzi, mashirika mengi ya umma yalibinafsishwa au kufungwa, na sisi wenyewe tuliwaona watu wazima wenye familia wakirudi nyumbani na barua za kupunguzwa kazini. Tulishuhudia kwa macho yetu kwamba hakuna kiti cha kudumu, kisha tukasahau.

Likaja la pili. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka 2008. Wakati tunamshauri jirani yetu auze kiwanja, huduma hiyo ilikuwa na umri wa miaka saba hapa nchini. Sisi wenyewe tulikuwa tukitumia simu kuwapelekea wazee fedha za matumizi. Kila siku tulipita mbele ya mwamvuli wa wakala tukielekea msikitini, na hatukujiuliza: ikiwa kazi ya kupokea na kutoa fedha imehamia chini ya mwamvuli huu, wale wanaokaa nyuma ya vioo vya benki watahitajika wangapi?

Ndugu msomaji, jambo hili si la benki peke yake. Wapiga chapa waliokuwa wakihitajika kila ofisi waliondoka pamoja na mashine zao kompyuta zilipoingia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, makondakta wa daladala za barabara ya Morogoro walilazimika kutafuta njia nyingine au riziki nyingine. Akina mama wanaoshona kofia za kiua kwa mkono, kazi inayochukua wiki nyingi za subira, wanauza soko moja na kofia za mashine zinazotoka ng'ambo kwa bei ndogo. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoenea programu za akili mnemba zinazoweza kuandika barua, kufasiri na kupanga hesabu, hata kazi za kalamu tulizodhani ziko salama zimeanza kutikisika.

Lakini si kila badiliko ni msiba. Tuwatazame akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja. Kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi wao walipata kwa mara ya kwanza fedha zilizo mikononi mwao wenyewe. Baadaye bahari ilipozidi joto, mwani mnene wenye bei nzuri ulianza kufa katika maji ya kina kifupi. Baadhi yao wakajifunza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Bahari ilibadilika, na wao wakaendelea na mwani wao kwa namna nyingine. Ujuzi wa kuutambua mwani mzuri, kuukausha na kuutunza haukupotea; ulipata matumizi mapya.

Hapo ndipo tulipopata fundisho ambalo tungetamani kuwa nalo mwaka 2015. Katika riziki ya mtu kuna mambo matatu tunayoyachanganya: cheo, kazi na ujuzi. Cheo ni jina, nalo laweza kufutwa kwa barua moja. Kazi ni shughuli ambayo watu wako tayari kuilipia leo, nayo huja na kuondoka. Ujuzi ni kile kinachobaki mikononi na kichwani hata ofisi ikifungwa. Mzazi anayemwuliza mwanawe "utakuwa nani?" anauliza habari ya cheo. Ni bora kumwuliza: "Utajua kufanya nini, na nani atakihitaji?"

Wala tusifikiri kwamba jibu ni kuwatoa watoto chuo kikuu na kuwapeleka wote kwenye spana. Ufundi nao hubadilika. Chukua huo huo wa majokofu. Gesi ya R22 iliyozoeleka katika viyoyozi inaondolewa sokoni hatua kwa hatua, kwa makubaliano ya kimataifa ya Montreal ya mwaka 1987 ya kulinda tabaka la ozoni. Baadhi ya gesi zinazochukua nafasi yake hushika moto, hivyo fundi aliyezoea kuchomelea bila hadhari anaweza kujiumiza. Viyoyozi vya siku hizi vina saketi za kielektroniki ambazo fundi wa zamani hakuzijua. Anayesoma ufundi leo akadhani amemaliza atakuwa katika hali ya yule mpiga chapa.

Baada ya kutafakari hayo tulirudi kwa jirani yetu, tukamweleza mambo manne. Tunayaandika hapa kwa faida ya wazazi wengine.

Kwanza, zijueni njia zote kabla ya kuchagua moja. Baada ya kidato cha nne hakuna kidato cha tano peke yake. Kuna vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada. Kuna vyuo vya ufundi stadi chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa walio na wadogo wanaoingia sekondari, mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umefungua mkondo wa amali. Na yule ambaye tayari ni fundi wa mtaani, aliyejifunza kwa kumshikia fundi mkuu tochi, ajue kwamba VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ukampa cheti.

Pili, msilipe ada kabla ya kuuliza. Hakikisheni kwanza kwamba chuo kimesajiliwa: vyuo vikuu kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vyuo vya kati na vya ufundi kwa baraza la NACTVET. Kisha mtoto mwenyewe aende kwa watu watatu wanaofanya kazi anayoitaka, si wanaoifundisha. Awaulize siku yao huanzaje, malipo huja lini na hukwama wapi, chombo gani ni ghali, na nini kimebadilika tangu walipoanza. Asubuhi tatu za namna hiyo zingetuokolea kiwanja cha Chanika, au walau tungekiuza kwa macho yaliyo wazi.

Tatu, pangeni kwa hatua fupi. Zamani mtu alipanga maisha ya kazi kama msafara mmoja wa miaka 30. Sasa inafaa kupanga miaka mitatu mitatu, na kila mwisho wa mwaka familia ikae, iulize: ujuzi huu bado unanunuliwa? Kipi kimeongezeka cha kujifunza? Ndani ya mpango huo itengwe akiba ndogo ya kujifunza upya, kama tunavyotenga ya maradhi. Na kila ujuzi mkuu upewe mwenzake wa kuusindikiza. Fundi ajue kutunza hesabu na kuandika makadirio ya kazi. Mhasibu ajue kompyuta kwa undani na azitumie hizo programu mpya badala ya kuzikimbia. Wote wawe na lugha safi na ahadi ya kweli, maana mteja aliyedanganywa siku ya kukabidhiwa kazi harudi.

Nne, shauri la riziki liwe la nyumba nzima. Mara nyingi baba huamua, mama hunyamaza, na mtoto hutii kwa ulimi huku moyo uko kwingine. Mwenye kuswali istikhara na aswali, lakini istikhara haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza na kushauriana. Kuhusu binti, tulisema wazi mbele ya shangazi zake: majokofu yamo majumbani, na ndani ya nyumba nyingi mchana wamo wanawake peke yao, ambao wangefurahi kumfungulia mlango fundi mwanamke. Shangazi mmoja alicheka, akasema lake limeharibika tangu mfungo uliopita kwa sababu hiyo hiyo.

Lilibaki suala la kijana. Tulimwomba baba yake amwite, akaja akakaa karibu na mlango. Tulimwambia mbele ya wazazi wake kwamba ushauri wa kuuza kiwanja ulitoka kwetu, kwamba lawama ni yetu, na kwamba hana deni la kiwanja kwa mtu yeyote. Hakusema kitu. Kisha tukamwomba msaada: dada yake anahitaji hesabu ya ada, nauli, vifaa, na muda utakaopita kabla ya kupata shilingi ya kwanza, nasi hatuijui kazi hiyo kama yeye.

Alitoka, akarudi na daftari. Kwa saa nzima alimhoji mdogo wake kama afisa wa mikopo: gesi inanunuliwa wapi, geji bei gani, mteja akikataa kulipa utafanyaje. Alipata jumla iliyo ndogo kuliko tuliyohofia, kisha akaonyesha sehemu mbili ambapo binti alijidanganya. Baba yake alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona siku nyingi. Tulipokuwa tunaondoka alituambia kwa sauti ya chini kwamba wapo mafundi wengi mtaani wasiojua kuandika hesabu zao, na kwamba huenda akaanza na hao.

Hatusemi kwamba mambo yametengemaa. Daftari si ajira, na kiwanja cha Chanika kimekwisha kujengwa na mtu mwingine. Binti ataanza masomo In shaa Allah muhula ujao, na ikiwa makadirio ya kaka yake yamekosea tutayaona. Lakini jirani yetu ametueleza kwamba usiku ule sinia lilipowekwa, walikula wote.

Wazazi wengi sasa wana matokeo mikononi na wanatafuta cha kuuza. Tunawaomba, kabla ya kuuza, kaeni na huyo mtoto, mpeni daftari na kalamu, mwulizeni atajua kufanya nini. Wabillahi tawfiq.