Nani mwizi wa kuku? Kamera ya usiku yatoboa siri

Mpenzi msomaji, kama unaishi pembezoni mwa jiji, pande za Rongai au Kitengela, bila shaka umewahi kusikia kilio chembamba usiku wa manane ukajivutia blanketi hadi kichwani. Huyo si jini wala mtoto aliyepotea. Ni bweha.

Si ajabu kumsikia. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, haina ua upande wake wa kusini, na wanyama hutoka na kuingia nyanda za Kitengela wapendavyo. Sisi ndio tuliojenga njiani mwao.

Majuzi tulipoteza kuku watatu kwa juma moja. Asubuhi tulikuta manyoya tu nyuma ya banda, na nyayo vumbini. Jirani yetu, mzee mstaafu asiyependa maneno mengi, alizitazama akatoa hukumu.

"Huyu ni bweha, mwanangu. Tia sumu kwenye kipande cha nyama, kitupe hapa uani. Kesho utamzika."

Nakiri kwamba shauri hilo liliniingia. Kuku hao ni wa mama watoto, na mayai yao ndiyo hununua vitabu vya shule. Lakini binti yetu aliniuliza swali moja tu: "Baba, kwani ulimwona?" Sikuwa nimemwona.

Nikamwomba mzee anipe siku chache, nikaazima kamera ya usiku kwa rafiki. Kifaa chenyewe hakizidi pakiti ya sukari ya kilo moja. Hufungwa kwenye nguzo kwa mkanda, na mnyama apitapo mbele yake, hutambua joto la mwili wake na kumpiga picha kwa mwanga usioonekana kwa macho yetu. Ndiyo maana picha hizo huwa nyeusi na nyeupe, na macho ya mnyama hung'aa kama shilingi mpya. Tuliifunga kimo cha goti, tukafyeka nyasi mbele yake, kwa maana nyasi zikipeperushwa na upepo huiamsha kamera bure na kumaliza betri.

Usiku wa kwanza tulipata paka. Usiku wa pili walikuja bweha wawili wenye migongo myeusi. Hawa huishi dume na jike kwa miaka mingi, na mara nyingi watoto wao wakubwa hubaki nyumbani kusaidia kulea wadogo. Walinusa banda, mmoja akanasa panya, wakaenda zao.

Usiku wa tatu alifika mbweha mwenye masikio makubwa, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ya chini. Huyu chakula chake ni wadudu, hasa mchwa, na huwasikia hata wakiwa chini ya udongo. Yule mbweha mwekundu wa vitabu vya Ulaya haishi kwetu.

Usiku wa nne, saa kumi alfajiri, wakaja mbwa watatu. Mmoja alikuwa na kuku mdomoni na mkanda shingoni. Watoto walimtambua kabla yangu. Alikuwa mbwa wetu, tunayemfungulia usiku eti alinde boma! Nyuma yake alikuwa mbwa wa mzee.

Nilimpelekea mzee picha hiyo. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hebu fikiri, msomaji, kama ningetega ile nyama. Sumu haichagui. Ingeua mbwa wetu, bweha wasio na hatia, na hata tai ambao hula mizoga, nao wamepungua sana nchini kwa sababu ya sumu. Isitoshe, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ingeniandama.

Sisemi kwamba bweha ni malaika. Akimkuta kuku nje usiku, atamla. Kwa hivyo wafungie kuku kabla ya jua kutua, uzungushie banda wavu wenye matundu madogo, na uufukie chini kidogo ili usifukuliwe. Usitupe mabaki ya chakula ovyo, wala usiwalishe wanyama hao.

Mbwa wako mfungie ndani ya ua, na umchanje kila mwaka dhidi ya kichaa. Mtu akiumwa na mbwa au bweha, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo. Ukimwona bweha anayetangatanga mchana bila kuogopa watu, usimsogelee. Waarifu maofisa wa KWS.

Tangu tuanze kumfungia mbwa wetu, hatujapoteza kuku hata mmoja. Kile kilio cha usiku bado kipo, ila sasa watoto hukimbilia dirishani kukisikiliza. Je, boma lako hutembelewa na nani ukiwa umelala? Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.