Je, Tunawajua Marafiki wa Watoto Wetu?

 

Ndugu Waislamu, msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, miji ya Masasi na Newala hubadilika sura. Minada huanza, malori hupanda mlima kuelekea uwanda wa Makonde, na baada ya siku kadhaa fedha huingia katika akaunti za wakulima. Huo pia ndio wakati ambapo baba hugundua kwamba gunia moja limepungua ndani ya nyumba. Kijana wake ameliuza kangomba, kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi aliyeonyeshwa na mwenzake. Fedha zile hazikununua daftari wala sare ya shule. Zimeishia katika kubashiri mechi za mpira na katika starehe za siku mbili. Baba hufoka, pengine hushika na fimbo, na kauli inayomtoka huwa ni ile ile: "Umeharibiwa na marafiki."

Tunapenda kuwauliza wazazi na walezi wenzetu juu ya kauli hiyo. Hao marafiki ni akina nani? Majina yao ni yapi, ni watoto wa nani, wanaswali wapi, jioni wanakaa kijiwe gani? Hapana shaka wapo wazazi wanaoweza kujibu. Lakini wengi wetu tunaijua idadi ya mikorosho yetu, na tunajua upi umepuliziwa salfa na upi bado, ila hatuwezi kutaja majina matano ya vijana wanaokaa na mtoto wetu kila siku. Tunamlaumu mtu tusiyemjua.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mfua chuma anayevuvia moto. Wa kwanza atakupa manukato, au utanunua kwake, au walau utaondoka na harufu nzuri. Wa pili atakuunguzia nguo, au utaondoka na harufu mbaya. Tuzingatie kwamba mfua chuma katika mfano huo hakukusudia kumdhuru mtu. Anafanya kazi yake. Ni kule kukaa karibu naye tu kunakoleta cheche. Ndivyo mambo yalivyo vijiweni. Mara nyingi hakuna shetani mmoja aliyekaa kupanga kumpoteza mtoto wa fulani. Wapo vijana kumi, wote wameacha shule, wote wanangoja msimu, na wa kumi na moja anapoketi nao huanza kuona kwamba kungoja msimu ndiyo maisha.

Wazee wetu wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao waliijua vizuri nguvu ya rika. Jando halikuwa tohara peke yake. Mtoto alipelekwa kumbini pamoja na wenzake, wakalala pamoja, wakaumwa pamoja, wakafunzwa pamoja, na walipotoka wakawa ndugu wa maisha. Nguvu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata wamisionari hawakuweza kuipuuza. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakujaribu kulifuta jando. Alilichukua na kulitia mafunzo ya Kikristo, kwa kuwa alitambua kwamba anayewakosa vijana kumbini huwakosa pia kanisani. Masheikh na walimu wa vyuo vya Qur'ani nao walikuwa na jando lao, lenye dua na mafunzo ya dini yao.

Hatusemi haya ili kuwarudisha watu kwenye kila kilichokuwa kumbini. Mengine yalikuwa na madhara, na mengine hayaafikiani na sheria ya dini yetu. Tunachotaka kionekane ni kwamba kila kundi la wari lilikuwa na mtu mzima ndani yake. Palikuwa na kungwi aliyewajua wote kwa majina, aliyeweza kuwaonya hata miaka ishirini baadaye. Leo watoto wengi wanatahiriwa hospitali wakiwa wadogo, nalo ni jambo jema kwa afya zao. Lakini rika halikufa kwa sababu kumbi limepungua. Rika lipo, kijiweni na katika makundi ya simu, ila kungwi hayupo.

Wapo wazazi wanaodhani kwamba dawa ni kumfungia mtoto ndani. Hao tunawakumbusha Surat al-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa. Wale waliokimbilia pangoni walikuwa vijana, na walikuwa kundi. Hatukusimuliwa habari za wazazi wao. Walisimama pamoja, wakatoka pamoja, wakalala pamoja katika ulinzi wa Mola wao. Hata mbwa aliyefuatana nao alitajwa kwa ajili ya kuwa nao. Kijana asiye na wenzake hana wa kumshika mkono anapoteleza.

Ushahidi wa jambo hili upo jijini Dar es Salaam. Neno "machinga" lilienea nchini kutokana na vijana wa kusini waliokwenda jijini kuuza bidhaa mikononi, na Machinga ni kabila la pande za Lindi. Andrew Liviga na Rugatiri Mekacha walipochapisha utafiti wao kuhusu wamachinga mwaka 1998, waliwatazama vijana waliotoka Lindi na Mtwara. Safari ya kijana wa Newala kwenda Kariakoo haianzii kituo cha mabasi. Inaanzia kwa mwenzake aliyetangulia, anayempa pa kulala, anayemwonyesha duka la jumla, anayemdhamini apewe mzigo wa kwanza kwa mkopo. Bila mtu huyo, mgeni angelala barabarani. Huo ni wema mkubwa, na tunauheshimu.

Lakini wema huo una mpaka. Wote wanauza bidhaa za namna moja, katika mitaa ile ile, kwa mtaji ule ule mdogo. Oktoba 2021 wafanyabiashara hao walipoondolewa kandokando ya barabara za jiji, marafiki wote walipigwa siku moja, na hapakuwa na wa kumwokoa mwenziwe. Mduara wa rafiki uliomfungulia kijana mlango ndio uliokuwa ukuta wake.

Huko Marekani, mwaka 2022, mchumi Raj Chetty na wenzake walichapisha uchunguzi wa urafiki wa watu zaidi ya milioni 70 wanaotumia Facebook. Waliona kwamba mahali ambapo watoto wa maskini wana marafiki wengi kutoka familia zenye uwezo, watoto hao huinuka zaidi kimaisha wanapokuwa watu wazima. Waliona pia kwamba nyumba za ibada ni miongoni mwa mahali ambapo maskini na tajiri hufanya urafiki kwa wepesi zaidi. Jambo hilo lisitushangaze sisi tunaosimama safu moja, bega kwa bega, mwenye gari na mwenye jembe. Tatizo letu ni kwamba safu ikivunjika kila mmoja anavaa viatu vyake na kuondoka. Mwalimu wa sekondari, mganga wa zahanati na karani wa chama cha ushirika wameswali na kijana yule kwa miaka mitatu, na hawajui kwamba amefaulu kidato cha nne lakini hajui namna ya kuomba nafasi ya chuo.

Kuhusu mabinti, tuseme machache. Baadhi yao hutoka unyagoni wakiambiwa kwamba sasa ni watu wazima, kisha hurudi darasani miongoni mwa wenzao ambao wengine wameshaolewa au wameshazaa. Novemba 2021 serikali iliruhusu mwanafunzi aliyejifungua arejee shuleni. Ruhusa hiyo haitamsaidia binti ambaye wenzake wamekatazwa na mama zao kukaa naye dawati moja. Tumtafutie marafiki wa kumvuta juu, badala ya kumwachia wale tu waliokata tamaa.

Lipo na lingine, na hatuwezi kulinyamazia kwa sababu ni zito. Kusini ya mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, vita vilianza Oktoba 5, 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto na kuua watu katika kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Watafiti waliowahoji watu wa Mocímboa walieleza kwamba vijana wengi hawakuvutwa na vitabu. Walivutwa na rafiki, na shemeji, na mtu aliyewakopesha mtaji mdogo wa biashara. Masheikh wa huko walikuwa wametoa tahadhari mapema. Hatuwatuhumu vijana wa Masasi na Newala, na tunawalaumu wanaomtilia shaka kila kijana mwenye kanzu. Tunasema tu kwamba njia inayompeleka kijana Kariakoo na njia inayompeleka msituni zote huanzia kwa mtu anayemwamini. Mzazi asiyemjua mtu huyo atapata habari wakati mwanawe ameshavuka.

Msimu wa 2017/2018, kilo ya korosho ilipofikia takriban Sh 4,000 mnadani, vijana walikuwa na marafiki wengi. Msimu uliofuata, wakulima waliposubiri malipo yao kwa miezi, tulisikia wengi wakiuliza marafiki wale wako wapi.

Tunapendekeza jambo dogo, na lifanyike kabla mnada wa kwanza haujapigwa. Kila msikiti, kuanzia ile ya mjini Newala hadi ya vijiji vya Masasi, uteue watu wazima watatu au wanne, wakiwemo akina mama, waandike majina ya vijana wa eneo lao: nani yuko shule, nani ameacha, nani ameondoka na ameondoka na nani. Wanaofanya kazi mijini waandikwe pia pamoja na namba zao za simu, ili mwenye shida ya chuo au ya mtaji ajue wa kumpigia. Ijumaa ya leo, baada ya swala, mzazi aanze kwa kumwambia mwanawe awalete wenzake nyumbani wale chakula, na akae nao mkekani hadi ayajue majina yao.