Risala ya makarani wa takwimu wa Kasongo na Kabambare kuhusu faili zinazokwama kwenye diski ya pamoja

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi na wajumbe wote wa kamati ya uongozi.

Mheshimiwa,

Sisi ndio tunaoingiza takwimu za afya za Kasongo na Kabambare. Tumeiandika risala hii pamoja baada ya wenzetu kadhaa kupewa barua za onyo, na wengine kukatwa posho, kwa kosa la "kutowasilisha ripoti". Ripoti hizo ziliandikwa. Zilihesabiwa kutoka kwenye daftari za vituo, zikaingizwa kwenye kompyuta, zikapelekwa kwenye diski ya pamoja hapa ofisini Kasongo. Ziliharibika zikiwa zinatoka mashine moja kwenda nyingine, na hakuna aliyetumwa kuchunguza sababu.

Tunaomba uone uzito wa jambo lenyewe. Mwenzetu wa Kabambare hubeba flashi kwa pikipiki zaidi ya kilomita 100, na masika barabara ile haimhurumii mtu. Ndani ya flashi mna hesabu za surua, kipindupindu, malaria, na vifo vya akina mama na watoto wachanga. Faili ikikataa kufunguka, jedwali linakwenda Kindu, makao makuu ya jimbo, likiwa na nafasi tupu, na msomaji wa mbali akiona nafasi tupu anaweza kudhani hapakuwa na mgonjwa. Mwaka 2019 surua ilienea katika majimbo yote 26 ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kufikia Januari 2020 watu zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto wadogo. Ugonjwa wa namna ile hutambuliwa mapema pale tu hesabu za kila juma zinapofika.

Tena hapa ni Kasongo. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35, kazi iliyofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Utafiti huo uliwezekana kwa sababu watoto walihesabiwa, wakafuatiliwa, na karatasi zao zikatunzwa. Hatukubali kwamba leo, miaka zaidi ya 40 baadaye, tukiwa na kompyuta mezani, hesabu za watoto wa hapahapa zipotee kwa kukosa umeme.

Lalamiko letu kubwa ni umeme. Jenereta huzimwa bila kutuuliza kama kuna kazi inayoendelea. Ikizimwa faili ikiwa katikati ya kunakiliwa, kinachobaki kwenye diski huweza kuwa na jina kamili, na pengine hata ukubwa kamili, ilhali ndani yake hamna kitu kinachosomeka. Karani akiona jina lipo huamini kazi imekwisha, hufuta flashi yake ili apate nafasi ya juma linalofuata, na mwisho wa mwezi anaitwa mzembe. Tunadai betri ya akiba kwa seva na kwa ruta, itakayotupa walau dakika za kumaliza na kuzima kwa utaratibu. Tunadai pia kunakili kufanywe kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipokatikia. Robocopy, kwa mfano, imo tayari ndani ya Windows na hainunuliwi. Na flashi yoyote isifutwe mpaka nakala ya kwenye diski ifunguliwe na kulinganishwa na ile ya asili. Jambo hili la mwisho halihitaji hata faranga moja, linahitaji amri yako tu.

La pili ni faili kufungwa na mtu asiyeonekana. Karani mmoja akiwa amefungua jedwali la mwezi, mwingine hawezi kuliandika, na hilo ni sawa, maana bila hivyo tungefutiana kazi. Tabu huja mashine ya yule wa kwanza inapozimika ghafla: seva huweza kuendelea kuamini kwamba bado ameishika faili, na wengine wote wanabaki mlangoni. Dawa yake ni fundi mwenye idhini kuingia kwenye seva na kuiachilia faili hiyo, kazi ya muda mfupi sana. Lakini nywila ya usimamizi anayo mtu mmoja tu, naye yuko Kindu, na simu yake haipatikani kila siku. Tunadai watu wawili wa hapa Kasongo wafundishwe na wapewe idhini hiyo kwa maandishi.

Halafu kuna majina. Windows, ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, huhesabu njia yote ya faili, kuanzia herufi ya diski, folda zote, hadi jina la mwisho, na programu nyingi hugoma njia hiyo ikifika herufi 260. Folda zetu zimepewa majina marefu ya Kifaransa, folda ndani ya folda: mwaka, eneo, kituo, mwezi, kisha "rapport final corrigé" mara tatu. Faili ileile hufunguka vizuri kwenye flashi kwa kuwa njia yake huko ni fupi, na kwenye diski ya pamoja inakataliwa. Mwenzetu aliambiwa ameleta flashi mbovu. Flashi ilikuwa nzima. Tunaomba mpango mmoja wa majina mafupi, ubandikwe ukutani.

Anwani ya seva nayo hubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, na asubuhi kompyuta zote zinadai diski haipo. Seva ipewe anwani isiyobadilika. Flashi za mfumo wa FAT32 hazipokei faili moja inayofika GB 4, kwa hiyo nakala ya akiba ya mwaka mzima hukwama hata nafasi ikiwepo. Na tunapinga kabisa pendekezo la kurudisha itifaki ya zamani ya kushirikiana faili, SMB1, ili diski yetu moja kuukuu isomeke. Udhaifu uliokuwa ndani yake ndio uliotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwezi Mei 2017 kufunga kompyuta za hospitali za Uingereza. Heri kubadilisha diski.

Tunataka pia daftari liwekwe kando ya seva. Kila faili inapokwama, karani aandike saa, jina la faili, mashine aliyotumia, na maneno ya kosa kama yalivyo kwenye kioo, bila kuyafupisha. Maneno hayo ndiyo yanayotenganisha idhini iliyokosekana, njia ndefu, diski iliyojaa na kebo iliyolegea. Barua yoyote ya onyo isiandikwe kabla daftari hilo halijasomwa mbele ya mhusika.

Barua zilizokwisha kutolewa tunaomba zifutwe, na posho zilizokatwa zirudishwe. Tunasubiri jibu la maandishi kabla ya ripoti za mwezi ujao. Mpaka hapo kila mmoja wetu atabaki na nakala ya karatasi ya takwimu zake, na hatutakabidhi flashi yoyote bila sahihi ya anayeipokea.

Tunabaki watumishi wako,
Makarani wa takwimu, Kasongo na Kabambare