Manchester United inaanza ligi ikichechemea

Ligi ya Uingereza inaanza Ijumaa hii, tarehe 16 Agosti 2024. Manchester United inapokea Fulham saa tatu usiku, saa za kwetu. Mimi ni shabiki wa timu hii tangu utoto, na wiki nzima vijana wananiuliza kama mwaka huu tuko tayari. Hatuko tayari, na sababu si yale mabao ambayo watu wanayabishania.

Mabao yenyewe ni haya. Rosenborg walitufunga 1-0 kule Norway, tukapiga Rangers 2-0, kisha Marekani tukafungwa na Arsenal 2-1, tukashinda Real Betis 3-2, na Liverpool wakatupiga 3-0. Jumamosi iliyopita City walichukua Ngao ya Jamii kwa penalti 7-6 baada ya sare ya 1-1. Jirani yangu, mtu wa Liverpool, anaimba hizo 3-0 kila asubuhi. Aimbe tu. Katika mechi za matayarisho kocha anabadilisha karibu timu nzima na kuingiza watoto wa akademia, na hakuna pointi hata moja inayotolewa.

Kilichoniuma mimi ni ile mechi ya Arsenal, tarehe 27 Julai, Los Angeles. Rasmus Højlund alifunga bao mapema, na muda mfupi baadaye akatoka, msuli wa nyuma ya paja umekataa. Kabla ya mapumziko akatoka na Leny Yoro, beki wa miaka 18 aliyenunuliwa Lille kwa zaidi ya paundi milioni 50. Mfupa wa mguu umevunjika. Amefanyiwa upasuaji na atakaa nje karibu miezi 3. Hesabuni wenyewe: alisajiliwa tarehe 18 Julai, akaumia tarehe 27. Siku 9 tu! Ndani ya siku hizo alibadilisha inchi, akavuka bahari kwa ndege, akawekwa uwanjani mbele ya Arsenal.

Kuna wanaosema ziara ya Marekani inaleta pesa, na pesa ndizo zinazonunua wachezaji. Ni kweli. Lakini mchezaji aliyenunuliwa akiishia kwenye magongo, tumenunua nini?

Ingekuwa mara ya kwanza ningenyamaza. Msimu uliopita tulimaliza nafasi ya 8, na majeruhi walichangia sana. Lisandro Martínez alikosa sehemu kubwa ya msimu, Malacia hakucheza hata mechi moja, na mwezi wa tano Casemiro, ambaye ni kiungo, akasimamishwa beki wa kati siku tuliyofungwa 4-0 na Crystal Palace. Halafu Luke Shaw. Alikuwa nje tangu Februari, akaenda Euro na Uingereza, akacheza mpaka fainali, na sasa shavu la mguu limemrudisha nje. Jana wamesajiliwa de Ligt na Mazraoui kutoka Bayern, na siku hiyohiyo Wan-Bissaka, ambaye wazazi wake ni Wakongomani wenzetu, akaenda West Ham. Sawa, wapya wamekuja. Lakini wapya hawaponyeshi mguu wa mtu.

Hapa kwetu tunawacheka wazungu, kumbe tunafanya vilevile. Kijana akivimba kifundo cha mguu Jumamosi, tunamfunga kitambaa, Jumapili anaingia tena kwa sababu hakuna mwingine wa kushika nafasi. Na huyo hana daktari wa timu.

Axel Tuanzebe, aliyezaliwa hapahapa Bunia na kukulia kwenye akademia ya United, anajua ubaya wa majeraha kuliko wengi. Mwaka 2020 alikaa karibu miezi 10 bila mechi ya mashindano. Mechi yake ya kurudi ilikuwa Paris mwezi wa kumi, mbele ya Mbappé na Neymar, na United ikashinda 2-1. Wote waliotazama usiku ule wanakumbuka jinsi alivyomkimbiza Mbappé. Majeraha yalimrudia baadaye, lakini usiku ule ulionyesha mwili uliopewa muda unaweza nini.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaocheza pari, Ijumaa msiweke franga za maharagwe ya nyumbani juu ya United eti kwa sababu Fulham ni wadogo. Mshambuliaji wetu hayupo, beki mpya hayupo, Shaw hayupo. Mimi sare nitaipokea kwa mikono miwili. Tena mechi itaisha karibu saa tano usiku. Mtu wa kambini Kigonze aliyekwenda kutazama mjini atarudi kwa njia gani saa hiyo, na hali ya Ituri tunaijua sote? Matokeo mtayasikia asubuhi kwenye redio, hayatabadilika.

Jumamosi kuna mechi ya mchana, saa saba na nusu. Ipswich, waliorudi ligi kuu baada ya miaka 22, wanapokea Liverpool, na Tuanzebe ni mchezaji wao. Nimemwambia yule jirani yangu aje na kiti chake.