Kutu juu ya mipira: gari inang'aa, lakini nani anainama kuangalia chini?

Huko Nyangwe magari ni ya kuhesabu. Watu wengi wanasafiri kwa pikipiki, kinga ao mtumbwi kwenye mto Lualaba. Ndiyo maana gari ikipatikana ya kwenda Kasongo, wasafiri wanapanda bila maswali mengi. Wanaangalia kama kuna nafasi na kama injini inawaka. Tole ya juu ya mipira, pale kutu inapoanzia, haitazamwi na mtu.

Kutu haina uchawi. Chuma ikikutana na maji na hewa, inaliwa pole pole. Chumvi ikiongezeka, inaliwa mbio. Magari mengi makuukuu yanayofika Afrika yalitembea kwanza Ulaya ao Japani. Katika inchi za baridi kali, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mipira inarusha maji hayo chini ya bodi, na chumvi inabaki kwenye mikunjo ya tole. Hivyo tole inatoboka kutoka ndani kuja inje. Kabla ya kuuza, wengine wanajaza tundu kwa masitiki, wanapaka rangi, na mnunuzi anaona gari safi.

Biashara hiyo ni kubwa. Mwaka 2020, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilisema kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani zilipeleka inje magari madogo yaliyotumika milioni 14. Karibu 4 kwa kila 10 yalikuja Afrika. Mwaka uleule wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walionyesha kwamba magari yaliyotoka kwao kuja Afrika yalikuwa na wastani wa miaka 18, na mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi.

Kenya inakataa gari iliyopita miaka 8. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Lakini umri peke yake hauonyeshi hali ya chuma. Mwaka 2023 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kwamba gari isiyofaa kutembea barabarani isiuzwe inje. Hiyo inagusa shina la tatizo.

Gari ikifika Maniema, njia inamalizia kazi. Matope mekundu yanashikamana juu ya mipira na kutunza maji siku nyingi. Mashimo nayo yanapasua masitiki.

Tundu kwenye bodi haliui mtu. Ila ni alama: maji yaleyale yamefika kwenye shasi na kwenye tuyo za freni. Tuyo ikipasuka kwenye mteremko, na watu wamekaa juu ya mifuko ya mchele, shofere anaweza kukanyaga na gari isisimame vizuri.

Kwenye barieri wanauliza karatasi, na karatasi haionyeshi shasi. Mwenye gari naye anajua siku ya kutengeneza ni siku bila franga. Abiria asipouliza, gari itaendelea kutembea vile ilivyo.

Kuna kipimo kisicho na bei: sumaku ya spika ya radio iliyokufa. Inashika chuma, lakini haishiki masitiki. Mashofere wakikubaliana kuosha matope na kupima kila juma, chini ya macho ya wasafiri, anayeficha kutu atajulikana mbele ya kupakia, si kwenye mteremko.