Kata simu kwanza, ndipo upakie mzigo

CHUKULIA mkulima wa Mwika aliyekata mikungu 40 ya mshare alfajiri na kuisogeza barabarani. Mnunuzi wake yuko Mabibo, Dar es Salaam, kwenye soko la ndizi ambalo wafanyabiashara wanaliita Mahakama ya Ndizi. Gari limefika, dereva ana haraka, na mnunuzi yuko hewani akisema: "Mangi, nimeshatuma, angalia." Mkulima anatupia jicho kioo cha simu huku akiendelea kuongea. Hakuna ujumbe. Anasema hajaona kitu. Mwenzake anaapa kwamba ametuma. Wanabishana dakika kumi, sauti zinapanda, na dereva anawasha gari.

Katika mfano huu inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyesema uongo. Fedha zimeshatumwa, na mkulima kweli hajaona ujumbe. Tatizo limo ndani ya simu yenyewe. Mkulima anazungumza kwa laini ya mtandao mmoja, na akaunti yake ya fedha iko kwenye laini ya mtandao mwingine. Mradi bado anaongea kwa laini ya kwanza, ile ya pili imelala.

Tunaona jambo hili linastahili kuzungumzwa katika ukurasa huu kwa sababu simu ya laini mbili sasa ni chombo cha kazi kwa mkulima na mchuuzi wa mkoa wa Kilimanjaro, sawa na panga na mizani. Lakini wengi walionunua simu hizo waliambiwa tu kwamba zinabeba laini mbili. Hawakuambiwa kwamba laini hizo haziwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Tuanze na sababu ya watu kuwa na laini mbili. Miaka ya 2000, simu za mkononi zilipokuwa zinapanda mlimani, sababu kubwa ilikuwa gharama. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo kila mtu alitafuta laini ya mtandao walio nao wateja wake. Baadaye likaja suala la fedha. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na kwa miaka kadhaa haikuwa rahisi kuhamisha fedha kutoka mtandao huu kwenda ule.

Sababu hizo mbili zimepungua nguvu. Gharama ambayo kampuni za simu hulipana kwa kuunganisha mazungumzo ilishushwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hadi shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, na hadi shilingi 15.60 mwaka 2018. Kampuni zilianza kuunganisha huduma zao za fedha mwaka 2014, na Vodacom ikaingia mwaka 2016, hivyo leo mtu wa mtandao mmoja anamtumia fedha mtu wa mtandao mwingine moja kwa moja. Tangu Machi 2017 mteja anaweza pia kuhama kampuni na kubaki na namba yake ileile.

Sababu iliyobaki, na ambayo kwa watu wa mlimani ndiyo nzito kuliko zote, ni mawimbi. Mawimbi ya simu hupenda njia iliyonyooka, na miteremko ya Kilimanjaro imekatwakatwa na mito na makorongo. Nyumba iliyoko juu ya kilima cha Kibosho inaweza kushika vizuri mnara ulioko karibu na mji wa Moshi, na jirani yake aliyeko bondeni, hatua 300 tu kutoka hapo, asipate hata alama moja. Ndiyo maana zamani watu walijua ni jiwe gani pa kusimama ili simu ishike. Leo minara imeongezeka, lakini bado kuna kihamba ambacho mtandao mmoja unafaa kwa kuongea na mwingine unafaa kwa intaneti. Mkulima mwenye busara anaweka laini zote mbili, moja ya kupigia na nyingine ya bando.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Simu nyingi za laini mbili zinazouzwa madukani zina matundu mawili ya laini lakini redio moja ya kurusha na kupokea mawimbi. Laini zote mbili zinaposubiri, redio hiyo huzitembelea kwa zamu, kama mlinzi mmoja anayezunguka mageti mawili. Mtu akipiga, mlinzi anabaki geti moja mpaka mazungumzo yaishe, na geti la pili linabaki bila mtu.

Matokeo yake ni matatu. Kwanza, intaneti ya laini ya pili inasimama, hivyo picha ya mzigo uliyokuwa ukiituma au bei uliyokuwa ukiisubiri haisogei. Pili, mteja anayekupigia kwenye laini hiyo anaambiwa kwamba namba haipatikani, naye anampigia mkulima mwingine. Tatu, ujumbe wa fedha unaokuja kwenye laini hiyo unangoja, na menyu ya kuangalia salio haifunguki. Ujumbe wa laini unayozungumzia unaweza kukufikia ukiwa hewani. Wa laini ya pili utaupata baada ya kukata.

Hata laini moja ina mipaka yake. Kwenye mawimbi ya 2G, intaneti husimama mtu anapoongea. Kwenye 3G, mazungumzo na intaneti vinaweza kwenda pamoja kwa laini ileile. Kwenye 4G inategemea kama simu na mtandao vyote vinaruhusu sauti kupita kwenye 4G, huduma ambayo kwenye simu huandikwa VoLTE. Kama haipo, simu ikipigwa hushuka kwenye 3G au 2G. Hivyo mtu anayeona alama ya 4G kihambani kwake anashangaa intaneti inapopotea kila anapopokea simu, na analaumu bando.

Kwa mkulima na mchuuzi, hili ni suala la fedha. Mikungu 40 ikiuzwa kwa shilingi 10,000 kila mmoja, tunazungumzia shilingi 400,000. Mzigo ukiachwa barabarani kwa sababu ya ubishi wa ujumbe ambao haujaonekana, ndizi hazisubiri. Na hasara iliyo mbaya zaidi iko upande wa pili. Tapeli naye anajua kwamba mtu aliye hewani hana nafasi ya kuhakiki. Anakushikilia kwenye mazungumzo, anakuharakisha, anakuuliza habari za dereva, anasema ametuma na mtandao ndio unaochelewesha. Ukiwa hujui tabia ya simu yako, maneno hayo yanaingia akilini, kwa sababu ni kweli kwamba ujumbe unaweza kuchelewa ukiwa hewani. Unaruhusu gari liondoke, unakata simu, na ujumbe hauji tena.

Dawa yake ni sentensi moja, nasi tungependa kila mtu anayeuza mazao aizoee: "Ngoja nikate, nihakiki, nitakupigia." Mnunuzi wa kweli hatakasirika. Anayekukataza kukata simu amekwisha kujitambulisha. Ukishakata, fungua menyu ya huduma yako ya fedha uangalie salio mwenyewe. Usitegemee ujumbe peke yake, kwa maana ujumbe wa kughushi unaweza kutumwa na mtu yeyote kutoka namba ya kawaida. Salio likisoma sawa, ndipo mzigo upakiwe. Namba ya tapeli anayekusumbua kwa ujumbe itume kwenda 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa kazi hiyo.

Zaidi ya hapo, kuna mambo ya kupanga nyumbani kabla ya siku ya soko. Jaribu simu yako: weka intaneti kwenye laini moja, piga kwa laini nyingine, kisha mwombe mtoto au jirani akutumie picha. Kama picha haiingii mpaka ukate, basi simu yako ina redio moja inayofanya kazi kwa zamu. Baadhi ya simu mpya zina mpangilio unaoruhusu intaneti kuhamia kwa muda kwenye laini inayoongea. Mpangilio huo utafute kwenye ukurasa wa laini, na uhakikishe laini zote mbili zina bando, la sivyo utakatwa vocha bila kujua.

Pili, fikiria kuweka akaunti ya fedha kwenye laini unayopokelea simu za wateja, na ile ya pili uiachie intaneti pekee. Kwa kuwa fedha sasa zinavuka mitandao, hakuna ulazima wa kuwa na akaunti kila mahali. Tatu, mwenye biashara ya kila siku asione aibu kurudi kwenye simu mbili. Kitochi cha bei ndogo kwa ajili ya kuongea na fedha, na simu ya kisasa kwa ajili ya intaneti, vina redio mbili kamili, na kimoja hakizuii kingine. Tena kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, jambo ambalo simu inayohangaika kutafuta mawimbi ya mitandao miwili bondeni haliwezi. Nne, anayebaki na simu moja anaweza kuelekeza simu za laini ya pili zihamie kwenye ya kwanza pale isipopatikana, akijua kwamba kuna gharama.

Kwa wenzetu wa Rombo kuna tahadhari ya ziada. Tarakea na Holili, simu inaweza kushika mnara wa Kenya bila mwenyewe kutaka, na intaneti au mazungumzo yakatozwa kwa bei ya nje ya nchi. Chagua mtandao wako mwenyewe kwenye mipangilio badala ya kuiachia simu ichague, na funga intaneti ya nje ya nchi kwenye laini zote mbili, maana wengi hufunga moja wakasahau nyingine.

Lakini si haki mzigo wote kumwachia mkulima. Wanaouza simu wanapaswa kuandika kwa Kiswahili, kwenye boksi, kama laini mbili za simu hiyo zinafanya kazi pamoja au kwa zamu. Mfuko wa mbolea huandikwa kilichomo, na mkulima hununua akijua. Simu inayobeba mauzo yake ya msimu mzima nayo iandikwe. Kampuni za simu nazo ziwaeleze wateja wa vijijini ni wapi sauti inapita kwenye 4G na ni simu zipi zinaikubali, badala ya matangazo ya kasi pekee.

Serikali imefanya kazi ambayo lazima tuitambue. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 nchini. Mwaka uliotangulia, Agosti 2022, shirika la TTCL lilipeleka intaneti ya kasi mlimani, hadi Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Kama mgeni anaweza kutuma picha akiwa Horombo, mkulima wa bondeni Uru au Machame, aliyeko chini sana ya hapo, ana haki ya kuuliza lini naye ataongea na kupokea malipo kwa laini moja bila kuhangaika.

Rai yetu ni kwamba jibu la kudumu halitoki kwenye simu zenye matundu mengi zaidi. Liko kwenye minara inayotumiwa kwa pamoja, ili mnara mmoja ulioko kwenye mgongo wa kilima ubebe wateja wa mitandao yote, na bonde lililo chini yake lisigawanywe kwa rangi za kampuni. Kujenga minara mitatu inayoona kilima kilekile na kuacha korongo lilelile gizani ni gharama ambayo mwishowe inalipwa na mnunuzi wa vocha.

Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vina nafasi yake. Mkoa huu ulianza ushirika wa kahawa mapema, na KNCU ilisajiliwa mwaka 1933. Vyama hivyo vinakutana na wanachama kila msimu. Katika mkutano mmoja, nusu saa ingetosha kumfundisha kila mwanachama kujaribu simu yake, kuangalia salio, na kubonyeza *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Wazee wasioona vizuri maandishi madogo wasaidiwe na vijana wao, lakini namba ya siri ibaki kwao wenyewe.

Mpaka hayo yote yatakapotimia, biashara inaendelea na magari yanapakia. Haraka haraka haina baraka. Dakika moja ya kukata simu na kuangalia salio haijawahi kuozesha ndizi. Mkulima, unapoambiwa fedha zimetumwa, kata simu kwanza.