Maadili hayanunuliwi

Ndugu vijana, shule ikiandika ukutani "Uaminifu", kisha pointi zikanunuliwa darasani, imefundisha rushwa. Twakataa kuyaita hayo malezi.

Wapo wasemao: vita na umaskini vimetulazimisha. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mwana wa Goma, aliishi katika vita na umaskini wa Kivu yetu hii. Akikagua bidhaa mpakani, alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Mwaka 2007 akauawa. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Basi tudai mwalimu alipwe mshahara wa haki, naye asiuze pointi. Nasi wa Ntoto tusinunue: heri kufeli kwa jasho kuliko kufaulu kwa hongo.